Dokta wa Ng'ombe na Vichwa vya Wachezaji

Mbukwenyi.

Wateja wangu pale Majengo wananijua kwa dawa za minyoo, dawa za kupe na chanjo ya mdondo ya kuku. Wakinikuta asubuhi macho mekundu, wengine wanadhani natoka msibani, wengine wanadhani mabaya zaidi. Nimekesha na hoki ya barafuni, basi. Mechi inayoanza saa moja jioni Toronto, wakati wa baridi yao, huku Dodoma inaanza saa tisa usiku. Saa hiyo nimeshaketi na chai yangu, sauti ya simu nimeizima ili mama watoto asianze maswali.

Aliyenitia kwenye mchezo huu ni dada yangu anayeishi Ontario, Kanada. Mwanawe anaucheza, na kila nikipiga simu kusalimia naulizwa, "Mjomba, umeona bao la McDavid?" Mtoto akikuuliza hivyo kila wiki unaona aibu, unaanza kutazama. Nilianza kwa ajili ya mabao, nikanasa kwenye habari za vichwa.

Naeleza. Mwisho wa wiki mimi ni dokta wa timu ya ndondo, soka la mtaani kwetu. Cheti changu ni cha mifugo, hilo sijawahi kulificha, lakini kwenye ndondo dokta ni yule mwenye begi, ndoo ya maji na dawa ya kupuliza, na begi lilikuwa langu. Viwanja vyetu mnavijua: udongo uliokauka, kokoto, na upepo wa mwezi wa nane unaobeba vumbi mpaka goli la upande wa pili hulioni. Watu wawili wakirukia kona moja na vichwa vikakutana, mlio wake unafika mpaka kwenye miti walikokaa watazamaji. Yanayofuata pia mnayajua. Maji kichwani, "mpeni hewa", vidole viwili mbele ya macho, "hivi vingapi?", anajibu "viwili", watu wanapiga makofi, kijana anarudi uwanjani anayumba.

Kwa hiyo nilipoona jinsi wenzetu wa hoki wanavyomtoa mtu aliyepigwa kichwa, nikataka kujua walianza lini kuogopa. Walichelewa sana, na hata leo wanaogopa nusu nusu.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe: kila timu ina watu sita uwanjani pamoja na kipa, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, wanakimbiza kwa magongo kisahani kidogo cha mpira mgumu. Uwanja umezungushiwa ukuta na vioo, na kumgonga kwa bega mwenye kisahani ni halali. Mtu wa kilo tisini anakujia kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Magongo ya nchi kavu hapa kwetu si mageni, timu yetu ya wanaume ilifika hadi Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Barafu ya jirani ni ya Nairobi, kwenye hoteli moja ya barabara ya Mombasa, walikojifunzia vijana wa Kenya wanaojiita Ice Lions. Mwaka 2018 vijana hao walipelekwa Kanada wakajikuta wanacheza pamoja na nyota Sidney Crosby mwenyewe. Huyo Crosby mkumbukeni, tunakuja kwake.

Tuanze na marehemu. Januari 13, 1968, Bill Masterton wa Minnesota North Stars, umri miaka 29, aligongwa akaangukia kisogo kwenye barafu. Alifariki siku mbili baadaye, na mpaka leo ndiye mchezaji pekee wa ligi kuu yao, NHL, aliyekufa moja kwa moja kwa jeraha la mechini. Hakuwa na kofia ngumu, kama wengi wa wenzake, maana kuivaa kulikuwa kujitangaza mwoga. Ligi ikaweka tuzo yenye jina lake. Kofia yenyewe ikasubiri mpaka 1979, na hata hapo waliolazimishwa ni wachezaji wapya tu; mwenye mkataba wa zamani aliruhusiwa kusaini karatasi na kuendelea kichwa wazi. Wa mwisho wao, Craig MacTavish, alistaafu 1997. Miaka 29 tangu mazishi! Bodaboda wetu wa Nkuhungu wanaoning'iniza helmeti kwenye usukani mpaka waone trafiki wasijione wako peke yao duniani.

Halafu kofia yenyewe, jamani, inazuia fuvu lisipasuke. Ubongo ndani unaendelea na safari yake. Bibi yangu kule Bahi alikuwa anasukasuka maziwa kwenye kibuyu, na nje kibuyu hakikupata hata ufa, lakini akikifungua, kilichomo si kile alichotia asubuhi. Ndivyo unavyotokea mtikisiko wa ubongo. Huoni damu, huoni uvimbe, picha ya kawaida ya hospitali mara nyingi haionyeshi kitu, na mgonjwa mwenyewe anakuapia kuwa mzima.

Mkasa ulioninyima usingizi hata siku isiyo na mechi ni wa Eric Lindros, nahodha wa Philadelphia Flyers, jitu la mita 1.93. Mdogo wake, Brett, alishastaafu mwaka 1996 akiwa na miaka 20 tu, kwa sababu ya kichwa. Machi 2000 Eric naye akagongwa, akaendelea kucheza huku anaumwa, kisha akasema hadharani kwamba watu wa tiba wa timu hawakugundua kuwa ana mtikisiko. Timu ikamvua unahodha. Soma tena hapo. Mtu anasema kichwa kinauma na waliopaswa kuona hawakuona, anavuliwa kitambaa.

Mwezi Mei akarudi, kwenye mtoano dhidi ya New Jersey Devils. Tarehe 26, mechi ya saba ya kuamua, anakatiza uwanja na kisahani, kichwa kimeinama. Scott Stevens akamkuta kwa bega, usoni. Video ipo, mwenye roho ngumu aitazame. Stevens hakupewa adhabu yoyote, kwa sababu kwa sheria za siku zile lile lilikuwa gonga safi. Lindros hakuonekana uwanjani msimu mzima uliofuata.

Wala si kwamba madaktari wa wakati huo hawakujua. Tangu 1997 ligi ilikuwa na utaratibu wa kuwapima wachezaji kumbukumbu na wepesi wa kufikiri, ili mtu akigongwa alinganishwe na alivyokuwa alipokuwa mzima. Ujuzi ulikuwepo, umeandikwa, umewekwa kwenye mafaili. Lakini mechi ikiwa moto, anayeamua kama fulani anarudi ni watu wa benchi lake, na shahidi mkuu ni yeye mwenyewe aliyepigwa. Ukimuuliza mlevi kama amelewa utapata jibu gani?

Miaka kumi ikapita hivyo. Machi 7, 2010, Marc Savard wa Boston akapiga shuti lake, na kisahani kimeshaondoka, Matt Cooke wa Pittsburgh akatokea upande asiouona akampitia kichwani kwa bega. Filimbi haikulia. Cooke hakufungiwa hata mechi moja. Wenye ligi wakatafuta kwenye kitabu cha sheria, wakakuta hakuna kifungu alichovunja. Kelele zilikuwa nyingi mno safari hii, na kabla mwezi haujaisha wakatunga kanuni ya kukataza kumvizia mtu ubavuni na kumlenga kichwa. Msimu uliofuata ikaingia kitabuni kama Kanuni ya 48. Savard alirudi, akagongwa tena Januari 2011, na huo ukawa mwisho wake wa kucheza.

Januari hiyohiyo ndiyo ilikuwa ya Crosby. Siku ya mwaka mpya, mechi ya uwanja wa wazi mjini Pittsburgh, David Steckel wa Washington akamgonga kichwani. Crosby akaendelea kucheza. Siku nne baadaye Victor Hedman wa Tampa Bay akamsukumia ukutani, na hapo mambo yakaisha. Alikuwa na miaka 23, anaongoza ligi nzima kwa pointi 66 katika mechi 41, na nchi yake ilikuwa bado inaimba bao lake la dhahabu la Olimpiki ya mwaka uliotangulia. Alikaa nje mpaka Novemba 21. Usiku aliorudi alifunga mawili na kusaidia mawili, watu wakalia kwa furaha, na wiki chache baadaye dalili zikarudi akakaa nje tena mpaka Machi 2012.

Baada ya Crosby kila mtu akawa mtaalamu. Machi 2011 ligi ikaagiza kwamba mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko asipimwe tena benchini na mtu mwenye taulo. Apelekwe chumba tulivu, akaonwe na daktari. Hatua nzuri. Ila naomba mnivumilie nitoe dukuduku langu, maana kuna watu walikuwa wanapigwa vichwa kila wiki kabla ya Crosby na hakuna aliyewatafutia chumba tulivu.

Hoki ilikuwa na mabaunsa wake. Mtu anasajiliwa kwa ngumi. Mpinzani akimchezea vibaya nyota wenu, baunsa anavua glavu, anapigana naye mbele ya marefa, wote wawili wanakwenda kukaa dakika tano kwenye kibanda cha adhabu, watazamaji wamesimama wanashangilia. Dakika tano za adhabu, na mechi inaendelea. Derek Boogaard alikuwa mmoja wao, mita mbili na kidogo kwenda juu. Katika mechi 277 za NHL alifunga mabao matatu. Hakuna timu inayomlipa mtu mamilioni kwa mabao matatu, walimlipa kwa kichwa chake na mikono yake. Desemba 2010 alipigana Ottawa, akapata mtikisiko, hakucheza tena. Mei 13, 2011 alikutwa amefariki nyumbani kwake Minneapolis, pombe na dawa za maumivu vimekutana mwilini. Miaka 28. Kiangazi hicho hicho wakafariki wapiganaji wengine wawili, Rick Rypien na Wade Belak.

Ubongo wa Boogaard ulipelekwa Boston, kwa wataalamu wa chuo kikuu cha huko. Wakakuta ugonjwa unaoitwa CTE, ule wa ubongo kuharibika polepole kwa mapigo ya miaka mingi, ambao mpaka leo huthibitishwa baada ya mtu kufa tu. Aliyeufumbua kwa wachezaji wa mpira wa Kimarekani ni Mwafrika mwenzetu, Bennet Omalu wa Nigeria, alipoupasua ubongo wa Mike Webster mwaka 2002. Kwa upande wa hoki wa kwanza kukutwa nao alikuwa Reggie Fleming, mwaka 2009, kisha Bob Probert, baadaye Steve Montador aliyefariki 2015 akiwa na miaka 35. Ubongo wa Stan Mikita ulipotangazwa kuwa nao pia, wengi walishtuka, kwa sababu Mikita hakuwa baunsa. Alikuwa fundi wa kisahani, na kofia alivaa.

Wachezaji wa zamani walikwenda mahakamani mwaka 2013, wakidai ligi iliwaficha hatari. Mwaka 2016 mahakama ikafungua barua pepe za wakubwa wa ligi, na ndani yake, mwaka ule ule wa 2011, naibu kamishna alikuwa ameandika kwamba ngumi zinaongeza majeraha ya kichwa, majeraha yanaongeza sonona, na sonona inaongeza misiba. Kwa hiyo chumbani walikuwa wanaijadili. Hadharani kamishna Gary Bettman, aliyekalia kiti hicho tangu 1993, aliwaambia wabunge wa Kanada mwaka 2019 kwamba uhusiano wa hoki na CTE haujathibitishwa. Kesi yenyewe iliisha Novemba 2018 kwa makubaliano: takriban dola milioni 18.9, wachezaji 318, kila mmoja aliyekubali apate kama dola 22,000, ligi haikukiri kosa. Hiyo kwa hesabu za mwaka ule ni kama shilingi milioni hamsini. Kiwanja cha kujenga Ilazo unaweza kukosa kwa hela hiyo. Wenzao wa mpira wa Kimarekani mkataba wao ulitazamiwa kufika dola bilioni moja.

Sasa nifike kwenye kitu ninachokipenda katika hadithi hii yote.

Kuanzia msimu wa 2016 ligi iliweka watu mjini New York ambao kazi yao ni kutazama mechi zote kwenye televisheni na kutafuta vichwa. Hawashangilii. Wakiona mtu kapigwa kisha anachelewa kunyanyuka, anayumba, anashika kichwa, anatazama hewani, wanapiga simu uwanjani: fulani atoke, akapimwe. Kocha hana sauti, mchezaji hana sauti, na timu isiyotii inatozwa faini.

Desemba mwaka ule ule simu ikamwangukia Connor McDavid, nahodha wa Edmonton, miaka 19. Alikwatuliwa, kidevu kikagonga barafu, akajishika mdomo. Mtu wa New York akasema atoke. Timu yake ilikuwa inamhitaji vibaya, mechi imekaza. Akatoka, akapimwa, akakutwa mzima, akarudi kipindi cha tatu amevimba kwa hasira. Edmonton wakafungwa. Mpwa wangu mpaka leo anasema walionewa. Mimi nasema usiku ule ndipo niliamini kwamba wamebadilika, maana wangeweza kumwacha.

Nisiwapambe kupita kiasi. Mei 2017 Crosby, akiwa ametoka kwenye mtikisiko mwingine wiki hiyohiyo, aliingia ukutani kwa kichwa kwenye mtoano. Hakuna simu iliyopigwa. Maelezo yaliyotolewa na ligi ni kwamba mwongozo wa kumtoa mtu kwa lazima unataja kichwa kugonga barafu, ukuta ni habari nyingine. Ubongo haujui tofauti ya barafu na ukuta, ila mwongozo ulikuwa unaijua.

Huko kwa dada yangu mambo yameshuka mpaka kwa watoto. Aliwahi kunitumia picha ya karatasi kwenye WhatsApp akiniuliza kama na sisi huku tunasaini. Ontario wana sheria ya mwaka 2018 yenye jina la Rowan Stringer, binti wa miaka 17 wa Ottawa aliyefariki 2013 baada ya kugongwa kichwa zaidi ya mara moja kwenye raga ndani ya siku chache, bila kupewa muda wa kupona. Kwa sheria hiyo kila mwaka mchezaji aliye chini ya miaka 26 anasoma maelezo ya mtikisiko wa ubongo kabla ya kusajiliwa, na mtoto mdogo anasoma na mzazi, wanathibitisha kwamba wamesoma. Maelezo yenyewe ni mepesi. Dalili hizi, ukiziona mtoe. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, mkono au mguu ukiisha nguvu, akisinziasinzia kuliko kawaida, hospitali sasa hivi. Asirudi siku hiyo hata akisema yuko fiti. Apumzike siku moja mbili, halafu arudi kidogo kidogo, na dalili zikirudi anarudi nyuma hatua moja.

Karatasi hiyo niliichapa pale stendi ya vifaa vya ofisi, nikaiingiza kwenye begi pamoja na maswali ambayo madaktari wa michezo huuliza pembeni ya uwanja. Tuko uwanja gani? Hiki kipindi cha ngapi? Nani kafunga bao la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Hayahitaji shahada. Vidole viwili anaweza kuvihesabu mtu yeyote.

Robo fainali, kiungo wetu akagongana na straika wa Kizota. Hakuzimia. Alikaa chini akitabasamu, kitu ambacho si tabia yake. Nikamuuliza leo tunacheza na nani. "Chang'ombe," akasema, na akanieleza vizuri kabisa jinsi beki wao wa kushoto anavyopanda. Chang'ombe tulicheza nao wiki iliyotangulia. Kocha amesimama nyuma yangu: "Dokta, si unasikia anaongea vizuri!" Ni kweli alikuwa anaongea vizuri, ila kuhusu mechi nyingine. Nikasema hachezi. Tulishamaliza wachezaji wa akiba, tukabaki kumi, tukafungwa dakika za mwisho. Watazamaji wetu wenyewe wakanisindikiza: "Dokta wa ng'ombe, rudi zizini!" Nikabeba ndoo yangu.

Kocha alininunia. Hoki haikunisaidia kitu kwake, barafu yeye anaijua ya kwenye friji. Kilichomlainisha ni fainali ya Kombe la Dunia 2014, ambayo aliitazama mwanzo mwisho. Nikamkumbusha Christoph Kramer wa Ujerumani, aliyegongwa dakika ya 17 akaendelea kucheza, na refa akaja kusimulia kwamba kijana alimfuata kumuuliza kama hii ni fainali. Akatolewa dakika ya 31. Kocha akanyamaza kidogo, akasema, "Ina maana alikuwa anacheza na hajui?" Nikamwambia ndiyo hivyo, kama wa kwetu.

Aliyenitoa jasho ni mama wa kijana. Alikuja dukani siku chache baadaye, nikadhani kaja kushukuru. Kumbe kijana ni bodaboda, mwanga wa jua unamuumiza macho, mlio wa injini unamtapisha, na pikipiki si yake. "Baba, umemwambia apumzike, sawa. Hesabu ya tajiri nani analipa?" Sikuwa na jibu la kitaalamu. Mchezaji wa NHL akikaa nje kwa kichwa mshahara wake unaingia, mkataba unamlinda. Wa kwetu akikaa siku tatu tajiri anampa pikipiki mtu mwingine. Tulichanga, nikaenda mwenyewe kuongea na mwenye pikipiki, akakubali kusubiri kwa masharti ambayo sitayaandika hapa kwa sababu anasoma blogu hii. Kijana alipona vizuri. Lakini swali la yule mama naliona kila mara ninapowasikia wachambuzi wa Ulaya na Marekani wakisema kumtoa mchezaji ni suala la elimu tu.

Mwezi uliopita viongozi wa timu za ndondo walikutana chini ya mwarobaini nyuma ya ofisi ya mtaa, kupanga ligi ijayo. Nikaomba dakika zangu. Tangu Julai 2024 sheria za soka duniani zinaruhusu mashindano yakitaka yaweke mchezaji mmoja wa ziada wa kubadilisha aliyepata mtikisiko wa ubongo, bila kuhesabiwa kwenye idadi ya kawaida. Nikasema na sisi tuweke. Ubishi ukawaka. Mwenyekiti wa timu moja, ambaye ninajua kabisa anachofikiria, akasema vijana watajiangusha washike vichwa ili timu ipate mabadiliko ya bure. Hoja yake ilikuwa na maana, hatujatoka mbinguni. Tukaafikiana kwamba atakayetolewa kwa kichwa hachezi tena siku hiyo wala mechi inayofuata, na kila timu itatenga sehemu ya kiingilio kwa ajili ya atakayekosa kazi. Sehemu gani, bado wanagombana.

Likabaki la nani anaamua. Kocha, hapana. Mimi nikajitoa, nina timu, na siku ya nusu fainali hata malaika akiwa na timu angekuwa na upande. Jina likaangukia kwa mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu anayekuja kila mechi na daftari, anaandika kona na kadi kwa sababu anazozijua mwenyewe, na hajawahi kushangilia bao la mtu. Amekubali. Masharti yake ni kiti chenye kivuli, soda baridi kila kipindi, na kwamba akinyanyua kitambaa chekundu asifuatwe na mtu. Fedha za kiti zimepatikana. Kocha wetu ameshaanza kuulizia mwalimu anapenda soda gani.